Baragumu la John Knox na Kiti cha Debora

Mwanzoni mwa mwaka 1558 kilichapishwa mjini Geneva kijitabu chenye jina la kivita: Mlio wa Kwanza wa Baragumu dhidi ya Utawala wa Wanawake, utawala ambao jina lenyewe liliuita kioja cha kutisha. Hakikuwa na jina la mwandishi. Kwenye dibaji mwandishi aliahidi kupuliza baragumu mara tatu. Mara mbili angejificha, na mara ya tatu angejitaja na kubeba lawama zote. Siri hiyo haikudumu. Mwandishi alikuwa John Knox, padri wa zamani kutoka Uskoti, wakati huo mchungaji wa kanisa la Waingereza waliokimbilia Geneva.

Alichokisema hakikuwa na mafumbo. Kumpa mwanamke enzi juu ya taifa ni kumtukana Mungu, ni kupindua utaratibu uliowekwa tangu Edeni, na ni kuharibu haki. Wala hakuishia kwenye lawama. Raia waliokula kiapo cha utii kwa malkia, alisema, hawafungwi na kiapo hicho. Wajibu wao ni kumwondoa.

Kisa cha kijitabu hiki kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu katika muda usiofika miaka 20 Wakristo wa Uingereza na Uskoti walishika karibu kila msimamo unaowezekana kuhusu mwanamke na dola, wote wakiwa na Biblia ileile mkononi. Ukiwafuata mmoja mmoja, utaona kwamba mara nyingi msimamo ulitegemea ni malkia gani aliyeketi kwenye kiti na aliwatendea nini.

Tuanze na mwaka 1553. Mfalme Edward VI wa Uingereza, kijana wa miaka 15, alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa Mprotestanti wa dhati. Dada yake mkubwa, Mary Tudor, aliyekuwa wa kwanza katika urithi, alikuwa Mkatoliki asiyeyumba. Ili kumzuia, Edward aliandika mpango wa urithi kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni aliwafikiria wanaume tu: enzi iende kwa warithi wa kiume wa Jane Grey, binti wa ukoo wao. Lakini Jane hakuwa na mtoto, na mauti yalikwisha kupiga hodi. Mfalme akachukua kalamu, akakata hapa, akachomeka pale, na sentensi ikasomeka upya: enzi iende kwa Jane mwenyewe, kisha kwa warithi wake wa kiume. Waraka huo upo mpaka leo na masahihisho yake yanaonekana juu ya mstari. Hivyo ndivyo msichana ambaye hajatimiza miaka 18 alivyopata taji.

Edward alipofariki, Nicholas Ridley, askofu wa London, alipanda mimbarani na kuutangazia umma kwamba Mary na mdogo wake Elizabeth ni watoto haramu, hivyo hawafai kurithi. Viongozi wa Kiprotestanti waliosimama na Jane wiki ile hawakuona jinsia yake kuwa kizuizi. Alikuwa wao, na hilo lilitosha.

Jane alidumu siku tisa. Tarehe 19 Julai Mary alitangazwa malkia London, na mwezi Februari wa mwaka uliofuata Jane akakatwa kichwa. Aprili 1554 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa shaka yote: mamlaka ya kifalme ni yaleyale, yawe mikononi mwa mwanamume au mwanamke. Basi Wakatoliki ndio waliopata kwanza malkia aliyetawazwa na kutawala Uingereza kwa haki yake mwenyewe, na sheria ikaandikwa kumkinga.

Kisha ukaja moto. Kuanzia Februari 1555 hadi kifo chake mwaka 1558, serikali ya Mary iliwachoma Waprotestanti takriban 280, wakiwamo wanawake zaidi ya 50. Ridley alichomwa Oxford tarehe 16 Oktoba 1555, pamoja na mzee Hugh Latimer. Askofu mkuu Thomas Cranmer aliwafuata Machi 1556. Wengi wa waliouawa walikuwa watu wa kawaida, mafundi na vibarua na wake zao, ambao historia imewataja kwa kupita tu. Asiyeuona moto huu hawezi kumwelewa Knox. Hakuandika akiwa mtu wa maktaba aliyeketi kwa raha. Aliandika huku habari zikimfikia kwamba watu aliowafundisha na kufanya nao kazi wanateketezwa.

Mwenyewe alikuwa ameonja mateso. Mwaka 1546 mwalimu wake wa imani, George Wishart, alichomwa moto huko St Andrews. Mwaka uliofuata Knox alikamatwa na Wafaransa pamoja na Waprotestanti waliojifungia ndani ya ngome ya mji huo, akafungwa minyororo kwenye makasia ya merikebu za Ufaransa. Alivuta kasia kwa miezi 19. Alipoachiwa mwaka 1549 alikwenda Uingereza, akawa mmoja wa wahubiri wa mfalme Edward, akapewa nafasi ya uaskofu akaikataa. Mary alipotwaa enzi, Knox akakimbia tena, mara hii kuvuka bahari.

Mwaka 1554 alimwendea Heinrich Bullinger, kiongozi wa kanisa la Zurich, akiwa na maswali ya kumwuliza. Mojawapo lilikuwa hili: je, mwanamke anaweza kutawala nchi kwa haki itokayo kwa Mungu, na je, anaweza kumpa mumewe haki hiyo? Swali lilikuwa na sababu, kwa maana Mary alikuwa anaolewa na Philip wa Hispania. Bullinger alimjibu kwa tahadhari ya mtu mzima. Sheria ya Mungu imemweka mwanamke chini, alisema, lakini sheria za nchi zikimkubali malkia, ni hatari kwa wacha Mungu kuzipinga. Na Debora naye yumo katika Biblia. Knox aliisikia tahadhari hiyo. Miaka minne baadaye aliitupa.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo naliona zito. Mtu huyu aliyeandika kwamba mwanamke ameumbwa kutii na kuhudumu alibebwa na wanawake karibu kila hatua. Mama mkwe wake, Elizabeth Bowes, alimwacha mumewe Uingereza akamfuata Knox hadi Geneva. Anne Locke, mke wa mfanyabiashara wa London, alifunga safari mwaka 1557 akiwa na watoto wake wawili wadogo, kwa kuwa Knox alimsihi aje. Binti yake alifariki siku chache tu baada ya kufika. Mama huyo hakukata tamaa. Mwaka 1560 alichapisha mahubiri ya John Calvin, kiongozi wa kanisa la Geneva, aliyoyatafsiri mwenyewe, na kwa miaka mingi Knox alimwandikia barua akimweleza mambo ya kanisa na siasa kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. Katika barua hizo hakuna dalili ya mtu anayeamini kwamba akili ya mwanamke haiwezi kubeba mambo makubwa.

Sasa tukifungue kijitabu chenyewe. Ushahidi wa kwanza aliouita Knox ulikuwa wa Aristotle. Wa pili ulikuwa sheria ya Roma, iliyowazuia wanawake kushika nyadhifa za umma. Baada ya hapo ndipo wanakuja Mwanzo sura ya 3, Paulo katika 1 Timotheo 2 na 1 Wakorintho 14, kisha mababa wa kanisa: Tertullian, Augustine, Ambrose, Chrysostom. Mpangilio huu una maana. Sehemu kubwa ya hoja iliyopigiwa debe kuwa neno la Mungu ilisimama juu ya mabega ya wapagani wa Ugiriki na Roma. Na mistari ya Paulo aliyoitegemea inahusu mafundisho na utaratibu wa ibada. Knox aliinyanyua kutoka kanisani akaipeleka ikulu kama kwamba hakuna mpaka kati ya mahali hapo pawili.

Lakini alijua kwamba adui yake mkubwa yumo ndani ya Biblia, ameketi chini ya mtende. Waamuzi sura ya 4 inamsimulia Debora, mke wa Lapidothi, nabii mke aliyewaamua Israeli katika nchi ya vilima vya Efraimu, kati ya Rama na Betheli. Watu walipanda kwake kuamuliwa kesi zao. Ndiye aliyemwita Baraka na kumpa amri ya kwenda vitani, na Baraka akakataa kwenda bila yeye. Hii ni mahakama, na ni amri ya kijeshi. Zaidi ya hayo, msimulizi haoni ajabu yoyote. Hasemi kwamba wanaume walikosekana, wala haombi radhi. Katika 2 Wafalme 22 kuna Hulda, ambaye mfalme Yosia aliwatuma kuhani mkuu na maofisa wake kwenda kumsikiliza. Na katika Hesabu 27 wamo binti watano wa Selofehadi, walioshinda kesi ya urithi mbele ya Musa.

Knox aliwapangua mmoja baada ya mwingine. Binti wa Selofehadi walipewa ardhi, alisema, hawakupewa mamlaka. Debora na Hulda walikuwa mwujiza: Mungu aweza kuvunja kanuni yake akipenda, lakini sisi hatuna ruhusa ya kugeuza mwujiza kuwa sheria. Tena Debora alitumia upanga wa neno, hakuwa malkia. Kwa watawala wa siku zake aliwachagulia mifano mingine, Yezebeli na Atalia. Hoja ya mwujiza ina nguvu ukiisikia mara ya kwanza. Udhaifu wake ni kwamba inamfanya msomaji awe mwamuzi wa ni mwanamke yupi aliyeinuliwa na Mungu na yupi aliyejiinua. Knox angelazimika kukumbana na udhaifu huo mapema kuliko alivyodhani.

Tarehe 17 Novemba 1558, miezi michache baada ya kijitabu kutoka, Mary Tudor alifariki. Siku hiyohiyo Elizabeth akawa malkia. Alikuwa na miaka 25, na alikuwa Mprotestanti.

Hebu fikiria fadhaa iliyowapata wakimbizi wa Geneva. Mungu amesikia maombi yao, moto umezimika, nyumbani kumefunguka. Na aliyefungua mlango ni mwanamke, huku kitabu cha mchungaji wao kikiwa kimeshafika London kikisema kwamba hana haki ya kukaa pale alipokaa.

London nayo ilitoa tafsiri yake ya Biblia, hadharani, barabarani. Tarehe 14 Januari 1559, mkesha wa kutawazwa, Elizabeth alipita mjini kwa msafara, na wananchi walikuwa wamejenga majukwaa ya maonyesho njiani. Kwenye jukwaa moja alikabidhiwa Biblia ya Kiingereza. Akaibusu na kuikumbatia kifuani. Katika mtaa wa Fleet, kwenye jukwaa la mwisho, palikuwa na mtende, na chini yake kiti cha enzi. Aliyeketi juu yake alikuwa Debora, amevaa majoho ya Bunge la Uingereza. Kando yake walisimama wawakilishi wa makabaila, wa viongozi wa dini na wa watu wa kawaida, naye akishauriana nao. Malkia alielezwa maana yake: Mungu amekwisha kuwapa watu wake mwamuzi mwanamke, na mwamuzi huyo hutawala kwa mashauri. Watu wa mjini hawakuandika kitabu cha kumjibu Knox siku ile. Walimvika Debora majoho wanayoyajua na wakamweka njiani ili malkia amwone.

Huko Geneva, John Calvin alitaka kujenga urafiki na utawala mpya, akampelekea Elizabeth kitabu chake cha ufafanuzi wa Isaya alichomtabarukia. Zawadi ikapokewa kwa ubaridi. Calvin aliuliza sababu, akaelezwa: ni kijitabu kilichotoka mjini mwake. Ndipo akamwandikia William Cecil, katibu mkuu wa malkia. Alieleza kwamba Knox aliwahi kumwuliza faraghani juu ya utawala wa wanawake, naye akamjibu kwamba ni kinyume cha utaratibu wa asili na ni adhabu kama utumwa ulivyo, ila mara nyingine Mungu huwapa wanawake vipawa vya pekee kama Debora na Hulda, na Isaya mwenyewe ameahidi kwamba malkia watakuwa walezi wa kanisa. Kuhusu kijitabu, alisema mwaka mzima ulipita bila yeye kujua kwamba kimetoka. Sijaona njia ya kuiamini kauli hiyo ya mwisho bila kujilazimisha, kwa kuwa Geneva haikuwa mji wa kukosa macho ya Calvin.

Knox hakuruka mbali hivyo. Alipoomba ruhusa ya kupita Uingereza akirudi kwao, alinyimwa, ikambidi asafiri kwa meli moja kwa moja hadi Leith, alikofika Mei 1559. Julai alimwandikia Elizabeth barua iliyokusudiwa kuwa ya upatanisho. Alimwambia kwamba hamchukii wala hapingi utawala wake, mradi tu akiri kwamba amekaa kwenye kiti kwa huruma ya Mungu isiyo ya kawaida, kama Debora. Akianza kujivunia uzazi wake au sheria za nchi, baraka yake haitadumu. Kwa Knox hayo yalikuwa maridhiano makubwa. Kwa malkia ambaye nasaba yake ndiyo iliyokuwa ikitiliwa shaka Ulaya nzima, ilikuwa kutiwa kidole kwenye kidonda.

Jibu la Kiprotestanti lilitoka mwaka huohuo wa 1559 kwa kalamu ya John Aylmer, mkimbizi aliyerudi, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa Jane Grey. Aylmer alitoa hoja mbili zilizofaa kudumu. Ya kwanza, mke anaweza kumtii mume nyumbani na papo hapo akawa juu yake kama hakimu, kwa maana hizo ni ofisi mbili tofauti. Ya pili, Uingereza haitawaliwi na mtu mmoja. Kuna Bunge, kuna washauri, kuna majaji, na malkia hutawala kwa sheria. Hoja ya pili ni ya maana kwa sababu inahamisha swali kutoka kwenye mwili wa mtawala hadi kwenye muundo wa dola. Lakini kitabu hichohicho kimejaa maneno ya dharau: wanawake wengi kwake ni wepesi, wapuuzi, wenye midomo, na uzuri wa Bunge ni kwamba hata malkia akiwa dhaifu nchi haitaharibika. Elizabeth alipata wakili aliyemtetea huku akiwadhalilisha wanawake wenzake.

Bungeni nako suala lilizuka kwa sura nyingine. Baba yake Elizabeth, Henry VIII, alijiita Mkuu Aliye Juu wa Kanisa. Je, mwanamke aitwe hivyo? Nicholas Heath, askofu mkuu wa York, Mkatoliki, alisimama katika Baraza la Makabaila akasema haiwezekani: asiyeweza kuhubiri wala kutoa sakramenti hawezi kuwa kichwa cha kanisa. Waprotestanti wakali nao walikuwa na shaka hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1559 ikamwita Gavana Mkuu, jina ambalo pande nyingi ziliweza kulimeza, naye Elizabeth akalitumia kwa miaka 44.

Uskoti Knox alikutana na malkia wake ana kwa ana. Mary wa Guise, aliyekuwa akiitawala nchi kwa niaba ya bintiye, alifariki Juni 1560, na Agosti Bunge la Uskoti likapokea imani ya Kiprotestanti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Agosti 1561, binti mwenyewe, Mary Stuart, alishuka Leith akitokea Ufaransa, mjane wa miaka 18 na Mkatoliki. Wiki mbili hivi baadaye alimwita Knox katika jumba la Holyrood. Ndugu yake wa baba, Lord James, alikuwapo. Mazungumzo tunayajua kwa simulizi ya Knox, kwa hiyo tuyasome tukikumbuka kalamu ni ya nani.

Malkia alimshtaki kwamba ameandika kitabu dhidi ya mamlaka yake halali. Knox akajibu kwamba kama ufalme hauoni madhara katika kutawaliwa na mwanamke, yeye ataridhika kuishi chini yake kama Paulo alivyoishi chini ya Nero. Kitabu, aliongeza, kiliandikwa hasa dhidi ya Yezebeli wa Uingereza. Malkia akamnasa papo hapo: lakini wewe umesema juu ya wanawake kwa jumla. Knox akakiri kwamba ni kweli. Msichana wa miaka 18 alikuwa ameligusa jeraha la kitabu kizima kwa sentensi moja. Hasira dhidi ya mtawala mmoja muuaji ilikuwa imevikwa joho la sheria ya milele juu ya nusu ya wanadamu. Kisha walihamia kwenye haki ya raia kumpinga mtawala kwa silaha, na hapo Mary alibaki kimya kwa kama robo saa. Alipopata sauti alisema, kwa maana hii, kwamba basi raia wake wamtii Knox badala yake.

Mary Stuart aliangushwa mwaka 1567, baada ya mumewe Darnley kuuawa na yeye kuolewa na Bothwell aliyeshukiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1569 askofu wake, John Leslie, Mkatoliki, alichapisha utetezi wa heshima yake, na sehemu moja ya kitabu ilithibitisha kwamba utawala wa mwanamke unapatana na sheria ya Mungu na ya maumbile. Debora alikuwa sasa ameitwa shahidi na Waprotestanti wa Elizabeth na Wakatoliki wa Mary kwa wakati mmoja.

Knox alifariki Novemba 1572. Mlio wa pili na wa tatu haukusikika kamwe. Alichapisha muhtasari mfupi wa mlio wa pili, basi. Kanisa alilolianzisha liliendelea. Wamisionari Waskoti walifika Kibwezi, katika Kenya ya leo, mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898, na huko likazaliwa kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA, ambalo mwaka 1982 lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge. Huko Uskoti, Mkutano Mkuu wa kanisa la Knox uliongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 2004, Alison Elliot, mzee wa kanisa.

Hata hivyo mistari ile ya 1 Timotheo haijaacha kusomwa msimu wa uchaguzi ukifika, na mwanamke anayegombea bado huambiwa kwamba Mungu amekwisha kulikata shauri lake. Ukisomewa hivyo, msomaji wangu, usiibishie Biblia. Ifungue Waamuzi 4, usome mpaka mwisho wa sura ya 5, halafu umwombe aliyekusomea Paulo akueleze Debora alikuwa akifanya kazi gani chini ya ule mtende.